Urujuanimno na Uso wa Europa: Historia ya Kipimo na Tatizo la Istilahi kati ya Mbarara na Nakivale

Setilaiti ya IUE, darubini ya urujuanimno iliyoizunguka Dunia, ilirushwa tarehe 26 Januari 1978. Mwaka 1981 Lane, Nelson na Matson walitumia vipimo vyake kulinganisha pande mbili za Europa, mwezi wa barafu wa Mshtarii. Upande mmoja ulifyonza mwanga karibu na nanometa 280, nao wakaihusisha alama hiyo na dioksidi ya salfa. Salfa hutoka kwenye volkano za mwezi jirani, Io. Ugasumaku wa Mshtarii huzungusha chembe zake kwa kasi inayoipita Europa, hivyo huupiga mwezi huo kutoka nyuma ya mwendo wake.

Kwa maoni yangu, hatua hiyo ilizidi zilizofuata, kwani barafu ilianza kusomwa kama kumbukumbu ya mazingira yake. Chombo cha Galileo kiliongeza ushahidi wa peroksidi ya hidrojeni, uliotangazwa mwaka 1999.

Kanda yetu haikuwa mbali na historia hii. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya unajimu wa eksirei, ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Jina lilikuwa la Kiswahili, msamiati haukufuata.

Pengo hilo huonekana Nakivale, wilayani Isingiro, ambako mwanafunzi kutoka Kivu aliyeanza masomo kwa Kifaransa hukuta Kiingereza darasani na hujadiliana na wenzake kwa Kiswahili. Vipimo vya IUE na Galileo vinapatikana bila malipo. Neno urujuanimno tunalo. Lakini tukisema “upande wa nyuma” wa mwezi, msikilizaji huelewa upande usioielekea sayari, na hoja nzima ya 1981 huporomoka. Napendekeza “upande tangulizi” na “upande fuatizi”, kwa kurejelea mwendo wa mwezi katika njia yake.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinaweza kuziratibu istilahi hizi pamoja na walimu wa Nakivale. Europa Clipper, iliyorushwa Oktoba 2024 ikiwa na spektrografu ya urujuanimno, inatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030.