Baridi Yabisi na Mwili Unaojishambulia

Neno "baridi yabisi" limebebeshwa mzigo mzito mno. Katika mazungumzo ya kila siku linataja karibu kila maumivu ya maungio: goti la mzee linalolia kila anapopanda ngazi, kidole gumba cha mguu kilichovimba kwa usiku mmoja, vidole vya mama wa miaka thelathini na kitu ambaye asubuhi hawezi kufunga vifungo vya nguo, na mtoto aliyeanza kuchechemea wiki mbili tatu baada ya mafindofindo. Hao ni wagonjwa wanne wenye magonjwa manne. Wa kwanza gegedu zake zimelika kwa umri na kazi. Wa pili ana jongo, yaani fuwele za asidi ya yuriki zimejikusanya kwenye ungio. Wa tatu na wa nne miili yao inajishambulia yenyewe, na hao ndio makala haya yanawahusu, kwa sababu jina tunalowapa linawachelewesha kupata tiba.

Jina lenyewe lina historia ya heshima. "Yabisi" ni Kiarabu, maana yake kavu. Katika utabibu wa kale wa Wagiriki, ambao Waarabu waliuhifadhi na kuuendeleza, kila kitu kilikuwa na sifa mbili: joto au baridi, umajimaji au ukavu. Udongo ulihesabiwa kuwa wa baridi na mkavu, na nyongo nyeusi mwilini vilevile. Ungio lililokakamaa, lisilokunjuka, linaingia barabara katika fungu hilo. Ulaya nako walifikiri kwa mtindo huohuo ila kwa upande wa pili: neno lao, rumatizimu, lilitoka kwenye Kigiriki cha "kutiririka", kana kwamba kuna majimaji mabaya yanashuka na kutuama kwenye maungio. Guillaume de Baillou, tabibu wa Paris aliyefariki mwaka 1616, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulitumia neno hilo kwa ugonjwa wa maungio, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1642. Wao walilaumu maji, sisi tukalaumu baridi na ukavu.

Kasoro ya jina hili ni kwamba bado linaeleweka. Mtu wa leo akisikia "rumatizimu" haoni mtiririko wowote, lakini Mswahili akisikia "baridi yabisi" anaisikia baridi waziwazi, na anachukua hatua. Anaacha kuoga maji ya baridi, anavaa soksi, anajikanda kwa mafuta ya moto, anasubiri msimu wa mvua upite. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi husikia maumivu zaidi kukiwa na baridi, na si haki kuwakatalia wanachokisikia. Ila baridi haiuanzishi ugonjwa. Lamu na Tanga kuna joto mwaka mzima, na maradhi haya yapo.

Sayansi iliyatenganisha magonjwa haya polepole. Mwaka 1800, Augustin Jacob Landré-Beauvais aliandika tasnifu huko Paris akieleza wanawake wenye maradhi ya maungio yasiyofanana na jongo, ingawa bado aliyaita aina ya jongo. Mwaka 1859 Mwingereza Alfred Garrod, yuleyule aliyekuwa ameonyesha asidi ya yuriki katika damu ya wenye jongo, ndiye aliyeupa ugonjwa ule mwingine jina lake, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliandika athritisi ya rumatoidi. Tangu hapo daktari mzuri huanza kwa kuuliza, kabla ya kupima chochote. Maungio gani? Yale madogo ya vidole na viganja, kulia na kushoto kwa pamoja, humwelekeza kwenye rumatoidi. Ukakamavu wa asubuhi huchukua muda gani? Ukiisha baada ya hatua chache, pengine ni gegedu zilizolika. Ukiendelea saa nzima au zaidi, na maungio yakawa yamevimba na yana joto ukiyagusa, hilo ni jambo jingine kabisa.

Vipimo vya damu hufuata, navyo vinahitaji kusomwa kwa busara. Mnorwe Erik Waaler alieleza mwaka 1940 ishara katika damu ambayo baadaye iliitwa kigezo cha rumatoidi. Wengi wenye ugonjwa huo wanacho, lakini si wote. Tena kinaweza kujitokeza kwa mtu mwenye kifua kikuu au homa ya ini, ambaye maungio yake hayana shida yoyote. Kwa nchi zetu hili lina uzito wa pekee, maana maambukizi ni mengi. Karatasi ya maabara iliyoandikwa "chanya" haitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha.

Yako pia maradhi yanayoiga. Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, ulikumbwa mwaka 1952 na 1953 na homa iliyowapinda watu kwa maumivu ya maungio. Jina lake, chikungunya, limetoka katika Kimakonde na linahusu huko kupinda, na leo dunia nzima inalitumia. Baadhi ya wanaougua hubaki na maungio yaliyovimba kwa miezi, hata daktari akadhani ni rumatoidi. Wamakonde walitaja walichokiona, mgonjwa aliyekunjika, wala hawakubuni chanzo. Ndiyo maana jina hilo halijamdanganya mtu.

Sasa tuje kwenye istilahi ya maradhi ya mwili unaojishambulia, tukianza na wazo lililo nyuma yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Kijerumani Paul Ehrlich aliona kuwa mwili una woga wa asili wa kujidhuru, kwa hiyo wengi waliofuata waliamini kwamba kinga haiwezi kumgeukia mwenyewe. Imani hiyo ilishikilia kwa miongo. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Malcolm Hargraves na wenzake walieleza seli za ajabu za wagonjwa wa lupasi, maradhi yanayoweza kugusa maungio na figo pia: seli zilizomeza viini vya seli nyingine za mwili uleule. Katika miaka ya 1950 Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba kinga inaweza kuchochewa iishambulie tezi ya shingo ya mnyama mwenyewe. Hapo ndipo kundi jipya la magonjwa lilipopata msingi: rumatoidi, lupasi, kisukari cha aina ya kwanza na mengine mengi.

Kiswahili kililipokea wazo hili kikiwa na jeraha. Kuanzia miaka ya 1980 neno "kinga" lilienea nchi nzima kwa njia ya UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kinga ni kitu kinachopungua, na kikipungua unakufa. Leo mama mwenye lupasi akiambiwa na mhudumu, "Mama, una tatizo la kinga," anachosikia hakikusemwa, na anayemsindikiza anasikia hichohicho. Anapimwa, anaonekana hana virusi, anarudi nyumbani na bado mtaa unanong'ona. Kumbe shida yake si upungufu. Kinga yake ipo, ina nguvu, na inapiga pasipostahili.

Ndiyo sababu istilahi isibaki kwenye "tatizo la kinga" wala "magonjwa ya kinga". Lazima kitenzi kiwemo. Wengi wamekwisha kusema "ugonjwa wa kinga kujishambulia", na nia yao ni njema, lakini sarufi inawapinga. Kiambishi -ji- hulirudisha tendo kwa mtendaji. Ukisema Juma amejikata, aliyekata na aliyekatwa ni mmoja. Kinga ikijishambulia, basi kinga inapigana na kinga, na mgonjwa atahitimisha kwamba kinga yake inakwisha. Tumerudi kwenye UKIMWI kwa mlango wa nyuma. "Kingamwili kujishambulia" kunazidisha utata, kwa kuwa neno kingamwili wengine hulitumia kwa mfumo mzima, wengine kwa zile protini za damu zinazopimwa maabara.

Mimi nashikilia "ugonjwa wa mwili kujishambulia". Hapo mtendaji na mtendwa ni mwili kweli, na -ji- imekaa mahali pake. Inapobidi kutaja kilichoshambuliwa, tuseme kinga inashambulia maungio, au figo, au tezi. Nasema "maungio" kwa makusudi. "Viungo" ni neno pana mno: ni mikono na miguu, ni maini na figo, na jikoni ni bizari na iliki. Mgonjwa wa lupasi, ambaye maungio na figo zake vyote vimo hatarini, anastahili kuelezwa kwa maneno yanayotofautisha.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi kwenye tiba. Mwezi Septemba 1948, katika kliniki hiyohiyo ya Mayo, Philip Hench na wenzake walimchoma sindano ya kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi kutembea kwa rumatoidi. Siku chache baadaye alitembea. Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Madhara yalijitokeza baadaye: mifupa dhaifu, sukari, maambukizi, uso uliojaa ukawa wa mviringo. Kwetu uso huo huwahadaa watu, wakamsifu mgonjwa kwamba amenawiri. Prednisoloni, ndugu wa kotisoni, hununuliwa kirahisi duka la dawa na hutuliza maumivu haraka, kwa hiyo wako wanaoimeza miaka bila daktari huku ugonjwa ukiendelea kula maungio chini kwa chini.

Dawa iliyobadilisha maisha ya wenye rumatoidi ni methotreksati, nayo humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Makosa ya kuimeza kila siku yameua watu katika nchi nyingi. Mikono ya wauza dawa wetu imezoea kuandika 1x1 au 1x3 kwenye bahasha, na mazoea hayo hapa ni hatari; iandikwe siku yenyewe, "Jumamosi tu". Huambatana na asidi ya foliki, ini hupimwa kila baada ya muda, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Kwa lupasi kuna haidroksiklorokwini, ya ukoo mmoja na klorokwini tuliyotibiwa malaria na ambayo wengi wanaikumbuka kwa mwasho wake. Macho ya anayeitumia miaka mingi huhitaji kupimwa. Zipo pia dawa mpya zilizotokana na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini jijini London, zinazozuia kiini kimoja cha uvimbe. Ni ghali mno kwa wengi wetu, na kabla ya kuzianza lazima kifua kikuu kilicholala kitafutwe, maana zinaweza kukiamsha.

Dawa hizi zote huelezwa kwamba "zinashusha kinga". Mgonjwa gani, baada ya miaka yote ya matangazo ya UKIMWI, atakubali kwa hiari ashushwe kinga? Aliyeelezwa tangu mwanzo kwamba mwili wake unajishambulia ataelewa anapoambiwa kuwa dawa inautuliza, na kwamba kwa sababu hiyo homa yoyote asiichukulie kimchezo.

Kwa watoto hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa watu hawaamini kama mtoto anaweza kuugua hivi. George Frederic Still alieleza maradhi ya maungio ya watoto huko London mwaka 1897. Siku hizi ugonjwa ukianza kabla ya miaka 16 na kudumu wiki sita au zaidi bila chanzo kingine, ndipo unapoitwa athritisi ya utotoni. Kwetu daktari hana budi kwanza kuhakikisha kwamba si selimundu, kifua kikuu cha mifupa wala usaha ndani ya ungio. Tena baadhi ya watoto hawa macho yao huvimba kwa ndani bila wekundu wala maumivu, wakapoteza uwezo wa kuona kimyakimya. Mtoto wa maungio apelekwe pia kwa daktari wa macho.

Nimeiacha mwisho homa ya baridi yabisi, kwa sababu ndiyo inayodhuru watoto wengi zaidi kwetu na ndiyo yenye jina la kupotosha kuliko yote. Bakteria aina ya streptokoki huingia kooni. Kinga hutengeneza silaha dhidi yake, na silaha hizo huona sehemu za moyo zinafanana na adui. Wiki mbili hadi nne baadaye goti linavimba, linapoa, kifundo kinafuata. Maungio hupona, valvu za moyo huenda zisipone. Mzazi aliyeambiwa "baridi" hununua sweta. Aliyeambiwa kwamba chanzo ni koo atakwenda kutafuta penisilini, ambayo ikitolewa mapema huzuia yote haya. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia kwa miaka miwili watoto 818 wenye dalili za awali za moyo, waliogunduliwa kwa kupimwa kabla hawajaugua. Waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, asilimia 0.8 tu moyo wao ulizidi kuharibika. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Kwa mtoto ambaye homa imekwisha kumpata, sindano hizo huendelea kwa miaka, mara nyingi hadi avuke 21, na muda huo wote goti lake halimuumi tena.