Hesabu ya Viboko

Mjeledi wa enzi za Wajerumani ulitengenezwa kwa ngozi ya kiboko, mnyama wa mtoni. Ngozi ilikatwa vipande virefu na kukaushwa, na mjeledi ukachukua jina la mnyama. Leo fimbo iliyokatwa kwenye mpera nyuma ya darasa nayo ni kiboko, na wengi walioionja hawajawahi kumwona kiboko mwenyewe. Ngozi imekwisha, jina limebaki. Pamoja na jina imebaki tabia moja ya watawala wetu wote: kila wanapoulizwa kuhusu viboko, hujibu kwa idadi.

Aprili 1896, Kansela wa Ujerumani alitoa amri ya kuratibu adhabu kwa Waafrika wa makoloni. Viboko visizidi 25 kwa mara moja. Wanawake wasichapwe, wala Waarabu na Wahindi. Watu wa pwani wakaipa adhabu hiyo jina la hamsa ishirini. Berlin iliiona amri hiyo kuwa huruma, kwa kuwa iliweka kikomo. Kwa aliyelazwa chini shambani, ilikuwa na maana kwamba kuchapwa kwake sasa ni halali.

Uhuru haukuiondoa fimbo. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu kwa makosa kama wizi na rushwa. Mfungwa alipigwa viboko 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Wazee bado husimulia kwa kicheko kwamba vile vya mwisho vilikuwa vya kwenda kumwonesha mkewe. Hesabu ilikuwa imeshuka kutoka 25 hadi 24.

Shuleni, kanuni zinazotuhusu ni za mwaka 1979, zilizotokana na Sheria ya Elimu ya 1978. Mwaka wenyewe una maana. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeamua kila mtoto apate elimu ya msingi, na madarasa yakajaa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ilifutwa, watoto wakafurika tena. Miaka hiyohiyo kikomo cha viboko kikashushwa kutoka sita hadi nne. Kanuni za 2002 zinaeleza kila kitu: fimbo iwe nyepesi na inayopinda, apigwe kiganjani au makalioni juu ya nguo, achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike.

Walimu wana swali ambalo si haki kulipuuza. Darasa limefurika, vijana wanaingia na simu, wengine wanawaonea wadogo, wengine wanarusha matusi. Tukiweka fimbo chini, tushike nini? Na methali iko tayari mdomoni: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Wengi hutazama Kenya kutafuta jibu. Kenya ilifuta kanuni zilizoruhusu viboko mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya kumwumiza mwanafunzi mwili au kumtesa kiakili. Kila bweni linapoungua, husikika sauti za kutaka kiboko kirudi. Lakini tutazame tarehe. Wasichana 19 walikufa St. Kizito, Meru, Julai 1991, baada ya wavulana wa shule yao kuwavamia usiku. Wakati huo kiboko kilikuwa halali kabisa Kenya. Haikosi walikuwamo waliokuwa wakikijua vizuri.

Kwetu, kikomo hakikuzuia yaliyotokea Bukoba mwaka 2018. Mvulana wa darasa la tano alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Alipigwa, akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu kunyongwa. Mjadala uliofuata mtaani ulikuwa kuhusu mwalimu aliyepitiliza, kana kwamba tatizo lilianza alipovuka kiboko cha nne.

Oktoba mwaka huohuo, baada ya mabweni ya Shule ya Sekondari Kiwanja, Chunya, kuteketea, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi 14 hadharani kwa mkono wake. Yeye hakuwa mkuu wa shule hiyo wala mwalimu wake. Kanuni hazikumpa fimbo. Rais Magufuli alimpongeza. Nchi ikabishana kama viboko vilitosha. Swali la kwa nini vijana wachome mahali wanapolala wenyewe halikupata nafasi kubwa kama ile ya picha.

Na hapo ndipo ninapokwama katika historia hii. Kanuni zinaitaka kila shule iwe na kitabu cha adhabu, na zinataja cha kuandika: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa. Mkuu wa shule atie saini. Ni kitabu nadhifu. Mtafiti wa miaka mia ijayo atakayekifungua ataweza kujumlisha viboko vya muhula mzima. Ataona kwamba mtoto fulani alichelewa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, na kila siku akapata viwili.

Hataona kama mtoto huyo alitembea kilomita ngapi, au alimwacha nani nyumbani anaumwa. Maelezo ya mtoto hayamo katika orodha ya mambo ya kuandika. Tumetoka 25 hadi 4, na safari hiyo yote tumekuwa tukibadilisha tarakimu kwenye safu moja. Sifuri ingeandikwa humohumo. Lakini siku tutakapoiandika, itabidi pia tuchore safu mpya pembeni yake, ya kile mtoto alichosema alipoulizwa.