Nani ameshika ufunguo wa kabati la elimu?

Ndugu msikilizaji, mwaka 1952 na 1953 watu wa uwanda wa Makonde, kusini mwa iliyokuwa Tanganyika, walishikwa na homa ambayo wataalamu hawakuwa wameiandika popote. Mgonjwa aliamka mzima, na kabla ya jua kuchwa viungo vikamuuma kiasi cha kutembea amejikunja. Wamakonde wakaipa homa hiyo jina kutokana na kujikunja huko, wakaiita chikungunya. Mwaka 1955 habari zake ziliandikwa kitaalamu na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, zikachapishwa London katika jarida la Chama cha Kifalme cha Tiba na Afya za Nchi za Joto. Miaka mitatu kabla ya hapo, jarida hilo hilo lilikuwa limechapisha habari za virusi vilivyopatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda.

Leo majina hayo mawili yanajulikana dunia nzima. Wagonjwa walikuwa wetu, msitu ulikuwa wetu na majina yalitoka katika lugha zetu. Lakini maandishi yaliwekwa katika kabati la mbali, na ufunguo wa kabati hilo ulikuwa pesa. Aliyeweza kulipia jarida alisoma, asiyeweza alisikia kwa watu. Mazungumzo ya juma hili yanahusu ufunguo huo: ulianzaje, nani ameushika, na kwa nini kwa zaidi ya miaka 30 wasomi wa dunia wamekuwa wakiugombania.

Tuanze na asili yake. Zamani msomi wa Ulaya aliyegundua jambo alilificha, akiogopa wenzake wasimwibie. Mwaka 1610 Galileo alipoitazama sayari ya Zohali kwa darubini yake na kuona umbo asilolitarajia, alitangaza habari hiyo kwa herufi zilizovurugwa makusudi. Shabaha yake ilikuwa apate kudai baadaye kwamba yeye ndiye wa kwanza, na wakati huo huo asimwambie mtu alichokiona.

Mwaka 1665 mambo yalianza kubadilika. Januari lilitoka jarida la kwanza mjini Paris, na Machi 6 likatoka la London, likihaririwa na Henry Oldenburg, katibu wa Chama cha Kifalme cha Uingereza. Oldenburg aliliendesha kwa fedha zake akitumaini kupata faida, na faida yenyewe haikuwa kubwa. Hata hivyo aliacha mapatano yaliyodumu. Msomi anatoa alichokijua bila kulipwa hata senti, na jarida linampa tarehe na jina, ili kila mtu ajue kwamba jambo hili lilisemwa na fulani, siku fulani. Malipo ya msomi yakawa heshima. Mapatano hayo hayakuwa mabaya hata kidogo, maana elimu ilitoka mafichoni ikawekwa mezani.

Kwa karne nyingi majarida mengi yalikuwa mali ya vyama vya wasomi, na biashara yake ilikuwa ndogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali zilianza kumwaga fedha katika utafiti, makala zikafurika, na vyama hivyo vikashindwa kuzimudu. Hapo ndipo alipoingia Robert Maxwell, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyehamia Uingereza. Mwaka 1951 alitwaa kampuni ndogo aliyoipa jina la Pergamon. Maxwell aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Ukiuza viatu, mteja akiona bei ya kwako ghali anakwenda duka la pili. Makala ya utafiti haina duka la pili. Daktari anayehitaji makala fulani kuhusu ini hawezi kutosheka na nyingine kuhusu figo. Kwa hiyo kila jarida jipya likipata jina ni soko jipya, na maktaba haina budi kununua. Maxwell akaanzisha jarida baada ya jarida, na mwaka 1991, alipoiuza Pergamon kwa kampuni ya Elsevier kwa pauni milioni 440, ilikuwa na majarida yapatayo 400.

Msikilizaji, hebu tuitazame biashara hiyo kwa macho ya mkulima. Mbegu inanunuliwa na serikali kwa kodi ya wananchi. Mkulima analima, anapalilia na kuvuna. Jirani zake wanakuja kuchambua mchele na pumba, nao hawalipwi, maana wahakiki wa makala kwa kawaida hufanya kazi hiyo bure. Halafu gunia linakabidhiwa kwa dalali pamoja na hati ya umiliki. Jioni mkulima akitaka kupika, anakwenda kwa dalali kununua mchele wake mwenyewe, tena kwa bei aipendayo dalali. Mwaka 2010 kitengo cha Elsevier cha machapisho ya sayansi kilipata faida ya pauni milioni 724 katika mauzo ya pauni bilioni mbili na kidogo. Katika kila pauni 100 zilizoingia, 36 zilikuwa faida. Ni kampuni chache duniani zinazoota faida ya namna hiyo, ziwe za mafuta au za magari.

Nao wanunuzi walianza kulia, hata matajiri wao. Aprili 2012 Chuo Kikuu cha Harvard, chenye utajiri usio na mfano miongoni mwa vyuo vya dunia, kiliwaandikia walimu wake kwamba majarida ya wachapishaji wakubwa yanakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba baadhi ya majarida yamefikia dola 40,000 kila moja. Harvard ilisema mwendo huo hauwezi kuendelea. Basi kama Harvard inasema haiwezi, maktaba ya chuo cha Afrika itasema nini?

Wapo wanaodhani haya ni malumbano ya maprofesa, yasiyomhusu mwananchi wa kawaida. Kwa hao nina habari ya Liberia. Mwaka 1982 wataalamu wa Kijerumani walichapisha katika jarida moja la virusi, la Ulaya, matokeo ya kupima damu za watu wa Liberia. Walikuta dalili kwamba baadhi yao waliwahi kukutana na Ebola, wakaandika kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi ambazo ugonjwa huo upo. Miaka 32 baadaye, mwaka 2014, Ebola ililipuka Guinea, Liberia na Sierra Leone, na hadi ilipokwisha mwaka 2016 ilikuwa imeua watu zaidi ya 11,000. Aprili 2015 Dakta Bernice Dahn, mganga mkuu wa serikali ya Liberia, na wenzake wawili waliandika katika gazeti la New York Times kwamba viongozi wa afya wa nchi hiyo hawakuwa na habari ya onyo lile. Waliongeza kwamba hata wakati huo, kupata moja ya makala hizo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, yaani karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Tusidanganyane. Makala peke yake haizuii Ebola. Panahitajika pia glovu, maabara, magari na wauguzi waliolipwa mishahara yao, na Liberia ilikuwa imetoka vitani. Lakini onyo lisilomfikia anayeonywa si onyo. Tena ndugu zetu hao wa Liberia walitaja dosari nyingine: utafiti ulifanywa juu ya damu ya Waliberia bila wataalamu wa Liberia kuwa miongoni mwa waandishi. Hivyo hakuna aliyerudi nyumbani na habari hiyo kichwani.

Je, wasomi walikaa kimya? Hapana. Agosti 1991 mtaalamu wa fizikia Paul Ginsparg, akiwa Los Alamos nchini Marekani, alianzisha ghala la kompyuta ambamo wenzake waliweka makala zao zisomwe bure hata kabla ya kuchapishwa. Ghala hilo lipo hadi leo, linaitwa arXiv. Desemba 2001 wasomi wachache walikutana Budapest, na Februari 14, 2002 wakatoa tamko kwamba makala za utafiti zisomwe na kila mtu bila malipo kwa njia ya intaneti, maana waandishi wake hawakuziandika kwa ajili ya kuuza.

Kusema ni rahisi kuliko kutenda. Karibu wanasayansi 34,000 walitia saini barua iliyoahidi kuyasusia, kuanzia Septemba 2001, majarida yote yasiyoachia makala zake bure baada ya miezi sita. Siku ilipofika, wengi wao waliendelea kupeleka makala kule kule. Si kwamba walikuwa waongo. Cheo cha msomi hupimwa kwa jina la jarida alilochapisha, na majina makubwa yalikuwa mikononi mwa wale wale. Kufuli lililofunga kabati lilikuwa limewafunga na wao.

Wengine wakachagua kuvunja mlango. Kijana wa Kimarekani, Aaron Swartz, alishtakiwa mwaka 2011 kwa kunakili mamilioni ya makala kupitia mtandao wa chuo kimoja. Januari 2013, kabla kesi haijasikilizwa, alijiua akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka huo huo wa 2011 mwanafunzi wa Kazakhstan, Alexandra Elbakyan, alianzisha Sci-Hub, mtandao unaotoa makala bila idhini ya wenyewe. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani iliamuru Elsevier ilipwe dola milioni 15. Sheria ni sheria, nami sisimami hapa kumshauri mtu aivunje. Ila serikali yoyote ikiona watu wenye heshima zao wanapitia dirishani, ingefaa ijiulize mlango una kasoro gani.

Nao mlango umeanza kufunguka. Septemba 2018 wafadhili wa utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya walitangaza kwamba kazi wanayoilipia isomwe bure. Januari 2020, UVIKO-19 ilipoanza, wachapishaji wakubwa walifungua makala zinazohusu ugonjwa huo, ikadhihirika kwamba wakitaka wanaweza. Tangu Julai 1, 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinadai makala za utafiti wanaougharamia zisomwe bure siku ile ile zinapochapishwa.

Je, tushangilie? Ngoja kwanza. Wachapishaji hawakukubali kufa njaa. Walichofanya ni kuhamisha sanduku la fedha kutoka mlango wa msomaji hadi mlango wa mwandishi. Sasa unasoma bure, lakini anayetaka kuchapisha ndiye anayelipa. Jarida maarufu la Nature lilitangaza kwamba tangu mwaka 2021 mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure atalipa euro 9,500. Mhadhiri gani wa Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura ataitoa wapi fedha hiyo? Ni kweli baadhi ya majarida husamehe waandishi wa nchi maskini, lakini kusamehewa ni kuomba, na mwombaji hachagui. Jana alizuiwa kusoma, leo anazuiwa kusema. Na pengo hilo limezaa matapeli wanaofungua majarida ya uongo, wakichapisha chochote mradi ada imelipwa.

Hisani nayo tumeionja. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa HINARI, unaozipa nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mpango huo umesaidia wengi, wala hatuubezi. Hata hivyo Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliwafungia ghafla wasomaji wa Bangladesh, wakaja kufungua baada ya kelele kupigwa. Cha kuazima hakistiri matako, ndivyo walivyosema wazee wetu, na maktaba ya kuazima haina tofauti.

Tufanye nini basi? Ipo njia ya tatu, ambayo msomaji halipi wala mwandishi halipi. Gharama zake hubebwa na vyuo, vyama na serikali, kwa sababu uhariri na uhifadhi si kazi za bure. Nchi za Amerika ya Kusini zimeipita njia hiyo kwa miaka mingi. Mpango wa SciELO ulianza Brazil kabla ya mwaka 2000 na umeenea nchi jirani. Huku kwetu upo mtandao wa majarida ya Kiafrika, AJOL, ulioanza mwaka 1998. Vyuo vyetu kadhaa, Muhimbili na Sokoine vikiwemo, vina ghala za kompyuta za kuwekea kazi za walimu na wanafunzi wao. Zana zipo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuthamini majarida ya nyumbani tunapompandisha mtu cheo, badala ya kuuliza tu jina la kampuni ya nje iliyomchapisha. Na kinachokosekana zaidi ni muhtasari wa Kiswahili, kwa sababu makala iliyofunguliwa kwa Kiingereza cha kitaalamu bado imefungwa kwa mkunga wa Newala.

Msikilizaji, watu wa uwanda wa Makonde walilipa zamani, kwa maumivu ya viungo vyao. Kuwatoza wajukuu zao mara ya pili ili wasome habari za maumivu hayo si haki. Wenye dhamana ya vyuo na bajeti wasikie, nasi tunaolipa kodi tuendelee kuwauliza.