Kigango: Ukoo Uliochongwa Mtini

Kabla ya karatasi, Wagiriama wa pwani ya Kenya walihifadhi ukoo wao kwa mti na kwa majina. Mzee wa chama cha Gohu alipofariki, jamaa walimsimamishia kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa na nakshi za pembetatu. Jina lake nalo halikuzikwa. Mjukuu alipewa, ndiyo maana majina ya ukoo hurudi kila baada ya kizazi kimoja.

1914: Njia zakatika
Waingereza waliwaamuru Wagiriama walioishi kaskazini ya Mto Sabaki, upande wa Marereni, wahamie kusini. Nyumba zilichomwa na familia zikatawanyika. Baadaye wengi walirejea.

Unamtafuta babu yako?
Anza na wazee: waulize jina, mbari na kaya. Kisha tafuta kipande chake (kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni) sandukuni mwa jamaa, na kumbukumbu za utawala wa kikoloni katika Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Tafadhali usiguse kigango
Mwaka 2007, vigango viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudi kutoka Marekani. Kigango hakihamishwi, ni mzee wa watu.