Breki Zilizosubiri Sheria

Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walianza kuuza breki zinazoongozwa na kompyuta, ambazo huzuia tairi zisijifunge dereva anapokanyaga kwa nguvu. Mwaka 1995 wakaleta mfumo unaotambua gari linapoanza kuteleza, ukashika breki ya tairi moja moja na kulirudisha gari njiani kabla dereva hajajua kilichotokea. Vyote viwili vilianzia kwenye magari ya matajiri, na naamini vingebaki huko kwa muda mrefu kama visingesukumwa, kwanza na aibu, kisha na sheria. Aibu ilikuja Oktoba 1997, pale jarida la Teknikens Värld la Sweden lilipolijaribu gari dogo la Mercedes A-Class kwa kulikwepesha ghafla, kama anavyofanya dereva akikatiziwa na mnyama. Likapinduka. Kampuni ikasimamisha mauzo kwa muda, kisha ikaufunga mfumo ule wa magari ghali katika kila A-Class. Sheria ilifuata kwa mwendo wa taratibu mno: Marekani ilitoa kanuni yake mwaka 2007, baada ya wataalamu wa serikali kukadiria kwamba ajali zinazohusu gari moja tu zingepungua kwa asilimia 34 kwa magari madogo na 59 kwa yale marefu ya familia. Ulaya iliulazimisha mfumo huo kwa hatua kati ya 2011 na 2014, karibu miongo miwili tangu uvumbuliwe.

Wapo wanaosema kifaa humfanya dereva ajiamini kupita kiasi, na wana ushahidi. Teksi za Munich zilizofungwa breki za kompyuta katika miaka ya 1980 hazikupata ajali chache kuliko nyingine, kwa kuwa madereva waliendesha kwa ubabe zaidi. Lakini breki nzuri dereva huzihisi kila siku na kuzitegemea. Mfumo wa kuzuia kuteleza huamka pale tu mambo yanapokwenda kombo, na hakuna anayepanga kuteleza. Pingamizi zito zaidi ni Sweden yenyewe, ambako kuanzia 2003 magari mapya yenye mfumo huo yalipanda kutoka asilimia 15 hadi 90 ndani ya miezi 48, bila sheria. Ni kweli, ila serikali iliuhimiza waziwazi, na wanunuzi walikuwa wakiagiza magari mapya. Nairobi na Dar es Salaam wengi hununua gari lililokwisha kutumika Japani, wala hawana dirisha la kuchagulia vifaa kiwandani. Wanachoweza kuwa na hakika nacho ni kile tu ambacho sheria ya Japani ilidai gari lilipoundwa. Kwa Kenya, isiyoruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kanuni ya Tokyo inaweza kuchukua miaka hiyo yote kufika Nakuru.