Pima, dhiraa na maili: namna ya kugeuza vipimo vya kale kuwa vipimo vya baharini

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza saruji kutoka Kigoma kwa njia ya ziwa anaweza kupewa masafa kwa maili, kamba kwa pima na kina cha maji kwa mita, yote katika safari moja. Vipimo hivi havikutoka mahali pamoja. Anayevichanganya hulipa kwa mafuta, kwa kamba iliyopungua au kwa chombo kukwama.

Dhiraa hadi pima

Vipimo vya kale vya pwani ya Afrika Mashariki vilitokana na mwili wa binadamu. Shibiri ni kiganja kilichokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni dhiraa moja, ambayo wengine huiita mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari, na dhiraa nne ni pima: mikono yote miwili ikinyooshwa, ncha hadi ncha. Nguo pia ziliuzwa kwa hesabu hiyo, doti moja ikiwa dhiraa nane.

Vipimo vya Kiingereza vilipoingia, hesabu mbili hizo ziliingiliana bila taabu. Shibiri ilihesabiwa inchi 9, dhiraa inchi 18, wari ikawa ndiyo yadi, na pima futi 6. Pima hiyo ya futi 6 ndiyo ya mabaharia. Kwa kuwa makubaliano ya mwaka 1959 yaliiweka yadi kuwa mita 0.9144 kamili, pima ya baharini ni mita 1.8288, dhiraa sentimita 45.72 na shibiri sentimita 22.86.

Tatizo ni kwamba mikono ya watu hailingani. Muuzaji ambaye mikono yake ikinyooshwa hufika mita 1.65 akikupimia kamba pima 100 atakupa mita 165, wakati pima 100 za baharini ni karibu mita 183. Mita 18 zimepotea na hakuna aliyeiba. Dawa yake ni kuagiza kamba kwa mita. Aidha, roli la kamba la desturi ya zamani lilikuwa pima 120, sawa na mita 219.5, na ndiyo maana maroli mengi huuzwa mita 220. Yapo pia ya mita 200, ambayo ni pima 109 tu, kwa hiyo bei ya roli moja isilinganishwe na nyingine kabla ya kuuliza urefu. Mnyororo wa nanga nao huhesabiwa kwa vipande vya pima 15, yaani mita 27.4, na siku hizi hukadiriwa mita 27.5.

Kina katika ramani

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Ramani za zamani za bahari zilizochapishwa Uingereza huonyesha kina kwa pima na futi, na mpya kwa mita. Zote huandika tarakimu kubwa ikifuatwa na ndogo chini yake. Tarakimu 2 yenye 4 ndogo katika ramani ya zamani ni pima 2 na futi 4, yaani futi 16 au mita 4.88. Alama hiyo hiyo katika ramani ya mita ni mita 2.4, chini ya nusu. Nahodha aliyezoea ramani za pima akipewa ya mita bila kuambiwa, chombo chenye kuzama mita 3 majini atakipeleka juu ya mwamba huku akiamini ana nafasi.

Kipimo kilichotumika huandikwa karibu na jina la ramani. Rangi nayo husaidia: katika ramani za pima za Uingereza nchi kavu kwa kawaida ni ya kijivu, na katika za mita ni ya manjano.

Kwa hesabu ya haraka, zidisha pima mara mbili kisha uondoe sehemu moja ya kumi ya jibu. Pima 10 zitakuwa 20, ondoa 2, zinabaki mita 18. Hesabu kamili ni 18.29. Njia hii hupunguza kidogo, jambo ambalo ni salama kwa kina lakini si zuri kwa kununua kamba.

Maili mbili tofauti

Maili ya nchi kavu ni futi 5,280, sawa na mita 1,609. Maili ya baharini ni mita 1,852, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Monaco mwaka 1929. Uingereza iliendelea na maili yake ya futi 6,080 hadi mwaka 1970, lakini tofauti ni mita moja na kidogo, isimsumbue mtu. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa.

Maili ya baharini ilitokana na dakika moja ya latitudo, na kwa sababu hiyo inafaa hata ziwani. Kigoma iko karibu nyuzi 4 na dakika 53 kusini mwa Ikweta, Bujumbura nyuzi 3 na dakika 23. Tofauti ni dakika 90, basi safari ni maili za baharini 90 na zaidi kidogo kwa kuwa njia imeinama. Hizo 90 ni kilomita 166.7. Anayezichukulia kuwa maili za barabarani atapata kilomita 144.8, na chombo cha noti 9 kitahitaji mafuta ya saa moja na dakika 18 zaidi ya yaliyonunuliwa.

Masafa katika ramani yapimwe kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia, penye latitudo. Dakika za juu na chini ni za longitudo, nazo hupungua urefu kadiri mtu anavyokwenda mbali na Ikweta.