Mita 60 kutoka baharini: mambo ya kujua kabla ya kujenga pwani

Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, Kilwa. Kama barabara ya lami ilikatika, nyumba iliyo ufukweni itahimili?

Sheria inasemaje?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto.

Kwa nini?
Bahari hula ardhi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yalikarabatiwa, ufukwe ukakingwa na mikoko ikapandwa, ndipo yakaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Mizizi ya mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Ukiikata kwa ajili ya boriti, unabomoa ukuta wako mwenyewe.

Kabla ya kujenga:
• Pima mita 60 maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, siyo yakiwa yametoka.
• Waulize wazee mafuriko yaliwahi kufika wapi.
• Pata kibali cha ujenzi kabla ya kununua saruji.
• Ukisikia hoteli au gati inakuja kijijini, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji kama tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika. Inasimamiwa na NEMC, na wananchi wana haki ya kutoa maoni.